Tumbo Kubwa Si Shibe: Mwaka wa Kwanza wa Mwanapunda

 

Leo ninazungumza juu ya mnyama anayetubebea maji, kuni, mawe, saruji na mavuno, lakini ambaye malezi yake ya utotoni hayatajwi sana hewani. Nazungumza juu ya mwanapunda, tangu siku anapozaliwa hadi anapotimiza mwaka. Na nyinyi wenye farasi wachanga, kule Laikipia, Naivasha, Limuru au Arusha, msiondoke. Punda na farasi ni wa ukoo mmoja, na minyoo wanaowasumbua karibu ni wale wale.

Nianze na tumbo. Mwanapunda wa miezi mitano mwenye tumbo la duara husifiwa sana vijijini. "Huyu ameshiba," watu husema. Sasa pitisha mkono chini ya yale manyoya marefu ya utotoni. Unakuta mbavu tupu, uti wa mgongo umechongoka, mapaja hayana nyama, na manyoya yenyewe yamesimama na hayana mng'ao. Hiyo si shibe. Mara nyingi ni minyoo, mara nyingine ni majani makavu yasiyo na lishe, na mara nyingi ni yote mawili pamoja.

Neno langu leo ni hili. Mwili wa mwanapunda hujengwa kwa jicho, kwa mkono na kwa chakula cha kila siku. Dawa ya minyoo ni sehemu moja tu ya kazi hiyo, na ina wakati wake na kipimo chake. Ukiitoa ovyo unapoteza pesa, unaweza kumpoteza mnyama, na mwishowe tunaipoteza dawa yenyewe, sisi sote.

Tuanze anapozaliwa. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, na wengine hufika 13, kwa hiyo mwenye punda jike ana muda mrefu wa kujiandaa. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, mama achanjwe pepopunda, ili kinga hiyo ipite katika maziwa yake ya kwanza. Mtoto akitoka, madaktari wa farasi wana hesabu nyepesi ya kukumbuka: ndani ya saa 1 awe amesimama, ndani ya saa 2 awe amenyonya, na ndani ya saa 3 kondo la nyuma liwe limetoka lote. Lolote kati ya hayo likichelewa, mwite daktari wa mifugo wakati huo huo. Usingoje kupambazuke.

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, si ya kukosa. Mwanapunda huzaliwa karibu bila kinga yoyote mwilini, kwa sababu kinga ya mama haimfikii akiwa tumboni. Anaipata kwa kunyonya, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa chache za mwanzo tu. Baada ya saa 24 utumbo umeshafunga njia hiyo. Kwa hiyo mtoto dhaifu asiyeweza kusimama asaidiwe kufika kwenye chuchu, au mama akamuliwe na mtoto anyweshwe. Kitovu nacho kichovywe katika iodini. Uchafu ukiingia kwa njia ya kitovu hupanda kwenye damu na kuishia viungoni, na ukiona goti limevimba mtoto akiwa mchanga sana, jua tatizo limeanzia hapo.

Baada ya hapo, minyoo. Wako wa aina nyingi, lakini kwa mwaka wa kwanza naomba mkumbuke makundi matatu, maana kila kundi lina umri wake wa kushambulia.

Kundi la kwanza hupitia maziwa ya mama. Kitaalamu huitwa Strongyloides westeri. Vijinyoo hivi hulala katika mwili wa mama, na anapoanza kunyonyesha huelekea kwenye kiwele. Mtoto akivinyonya kwa wingi, huharisha akiwa na wiki chache tu. Hapa pana jambo la kutofautisha. Watoto wengi wa farasi na punda huharisha kidogo kati ya siku ya 7 na ya 14, na mharisho huo huisha wenyewe huku mtoto akinyonya na kurukaruka kama kawaida. Lakini akiharisha huku amelegea, haendi kwenye ziwa, macho yamezama na ngozi ukiifinya hairudi haraka, huyo anapoteza maji na anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kumpa mama ivermektini karibu na wakati wa kuzaa hupunguza vijinyoo hivi katika maziwa.

Kundi la pili ndilo adui mkuu wa utoto: mnyoo duara mkubwa, Parascaris. Jike lake laweza kufika urefu wa sentimita 50, yaani nusu mita, ndani ya utumbo mwembamba wa mtoto mdogo. Mtoto humeza mayai yake kutoka kwenye udongo, nyasi, kuta za banda au kiwele kilichochafuka. Yai likianguliwa, mnyoo mchanga hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye ini, kisha mapafuni. Hukoholewa hadi kooni, humezwa tena, na ndipo hutulia katika utumbo na kukua. Mzunguko huo wote, hadi mnyoo aanze kutaga, huchukua kama wiki 10 hadi 12. Safari hiyo ya mapafuni ndiyo sababu mwanapunda wa miezi miwili au mitatu huweza kukohoa na kutoa kamasi, na mwenyewe akadhani ni baridi ya asubuhi.

Mnyoo jike mmoja hutaga mayai zaidi ya laki moja kwa siku. Kila yai lina ganda nene linalonata, linaloweza kudumu ardhini kwa miaka. Kwa hiyo pale walipofungwa watoto wa mwaka jana na juzi, mtoto wa mwaka huu anakuta mayai tayari, hata kama banda linaonekana safi. Lakini kuna la kututia moyo: mwili hujifunza. Kufikia umri wa mwaka mmoja hivi, wengi huwa wamejenga kinga dhidi ya mnyoo huyu. Kazi yetu ni kumvusha mtoto salama hadi kinga hiyo ifike.

Kundi la tatu ni strongili, wanaotoka kwenye nyasi za malisho. Kuna wakubwa na wadogo. Anayeogopwa miongoni mwa wakubwa ni Strongylus vulgaris. Wachanga wake huingia katika mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye utumbo, wakauchubua ndani hadi damu ikaganda. Sehemu ya utumbo ikikosa damu, mnyama hupata msokoto mkali wa tumbo: hugaagaa, hutazama ubavu wake, hutoka jasho, na huenda akafa. Strongili wadogo nao wana hila nyingine. Huzama katika ukuta wa utumbo mpana, wakajifungia humo kwa miezi, hata kupita mwaka. Siku wakitoka kwa wingi kwa pamoja, mnyama mchanga huharisha na kukonda ghafla. Na kwa muda wote waliokuwa wamejificha, kinyesi huenda kisionyeshe yai hata moja.

Yapo na mengine, nitayapitia haraka. Ukiona vijiyai vya manjano vimeng'ang'ania nywele za miguu ya mbele na mabega, hayo ni mayai ya inzi ambaye funza wake hukaa tumboni. Yakwangue kwa kisu butu. Punda akisugua mkia ukutani hadi nywele zikatoka, huenda ni minyoo wadogo wa sehemu ya haja. Na wenye farasi na punda wanaolisha pamoja wajue kwamba punda huweza kubeba minyoo wa mapafu bila dalili yoyote, huku farasi aliye jirani yake akikohoa miezi mingi.

Sasa dawa itolewe lini? Kwa farasi wachanga, mpangilio unaopendekezwa na chama cha madaktari wa farasi wa Marekani ni angalau mara nne katika mwaka wa kwanza, na kwa mwanapunda huo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo kati yako na daktari wako. Mara ya kwanza ni akiwa na miezi 2 hadi 3, na lengo ni mnyoo duara. Dawa inayoshauriwa hapo ni ya jamii ya fenbendazoli. Mara ya pili ni miezi 4 hadi 6, kabla ya kuachishwa ziwa. Wakati huo kinyesi kipimwe, ijulikane ni mnyoo duara au ni strongili anayetawala, kwa sababu dawa zao hutofautiana. Mara ya tatu ni kama miezi 9, na ya nne ni miezi 12, hapo lengo likiwa strongili, pamoja na tegu kama wapo katika eneo lenu.

Kumpa dawa mtoto wa wiki mbili dhidi ya mnyoo duara hakuna faida, maana mnyoo mwenyewe bado yuko njiani kwenye ini na mapafu. Na kumpa kila mwezi "ili kuwa na uhakika" kuna madhara nitakayoyaeleza punde.

Kabla ya hapo, tahadhari moja inayookoa maisha. Mwanapunda aliyejaa minyoo duara, mwenye tumbo kubwa na mwili uliokonda, akipewa dawa inayolemaza minyoo kwa ghafla, kama ivermektini au piranteli, minyoo hao wanaweza kufa kwa pamoja na kuziba utumbo. Mtoto anapata msokoto na kufa, na watu wanasema ameuawa na dawa. Mtoto wa namna hiyo asitibiwe dukani. Aonwe na daktari, naye ndiye achague dawa na namna ya kuitoa. Vivyo hivyo moksidektini si dawa ya mtoto mdogo wala ya aliyekonda. Kiasi kikizidi kidogo tu, humlegeza mfumo wa fahamu.

Halafu kipimo. Naomba tuache kukadiria kwa macho. Punda wetu wengi, hata wakubwa, hawafiki kilo 200, na mwanapunda wa miezi mitatu yuko chini sana ya hapo. Wanaotoa "nusu ya dawa ya ng'ombe" huenda wanazidisha mara tatu, na wanaotoa "kidogo tu asidhurike" huwaacha minyoo wenye nguvu hai, wakazaa kizazi kilichokwisha kuizoea dawa. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, andika sentimita, na umpelekee daktari namba hiyo. Ana jedwali la kuigeuza kuwa kilo. Dawa ikiwa ni ya kupaka ulimini, hakikisha mdomo hauna majani, iweke nyuma ya ulimi, na uinue kichwa hadi ameze.

Na dawa iwe ya punda. Levamisoli, ambayo wafugaji wa mbuzi na kondoo wanaijua sana, ina nafasi ndogo sana ya usalama kwa punda na farasi. Ivermektini ya sindano iliyotengenezewa ng'ombe imewahi kusababisha uvimbe na maambukizi mabaya ya misuli kwa farasi. Dawa ya kuogeshea kupe yenye amitrazi, ambayo iko karibu katika kila duka la dawa za mifugo, hupunguza mwendo wa utumbo wa farasi na punda hadi chakula kikaganda ndani. Mwanapunda mwenye kupe atolewe kupe kwa mkono, au aogeshwe kwa dawa nyingine aliyoitaja daktari. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu mtu anayempenda punda wake, akiona ng'ombe wameoga, humwogesha na yeye papo hapo kwa ndoo ile ile.

Sasa niwaeleze kwa nini nimesema tunaweza kuipoteza dawa. Mwaka 1966, watafiti wawili wa Kentucky nchini Marekani, Drudge na Lyons, walipendekeza farasi wapewe dawa ya minyoo kila baada ya wiki 8. Wakati huo Strongylus vulgaris alikuwa anaua farasi wengi, na ushauri wao ulifanya kazi. Katika mashamba mengi ya nchi tajiri mnyoo huyo alikaribia kutoweka. Miaka ya 1980 ikaja ivermektini, dawa iliyotokana na kiumbe mdogo wa udongo aliyepatikana Japani na Satoshi Ōmura na kuendelezwa na William Campbell. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa hiyo hiyo hutumika Afrika dhidi ya upofu wa mtoni na matende.

Lakini kumeza dawa kila miezi miwili, wagonjwa kwa wazima, kulichuja minyoo. Waliokufa ni waliokuwa dhaifu kwa dawa. Waliobaki walikuwa sugu, na hao ndio waliozaa. Leo strongili wadogo wameshinda dawa za jamii ya fenbendazoli katika nchi nyingi. Mnyoo duara naye, tangu taarifa za mwanzo kutoka Uholanzi mwaka 2002, ameonyesha usugu kwa ivermektini katika nchi kadhaa. Na tangu ivermektini, hakuna jamii mpya kabisa ya dawa dhidi ya strongili na mnyoo duara iliyoletwa kwa ajili ya farasi na punda. Tulizo nazo ni chache, na ndizo hizo.

Msinielewe vibaya mkaacha dawa. Denmark ilianza mwaka 1999 kuuza dawa hizi kwa cheti cha daktari peke yake, na matumizi yakapungua sana. Baada ya miaka, watafiti wakakuta Strongylus vulgaris amerudi kwa wingi zaidi katika mashamba yaliyokuwa yanatibu kwa uchache mno. Somo ni kwamba dawa itolewe kwa mnyama anayeihitaji, kwa umri unaofaa, kwa uzito uliopimwa, na baadaye ithibitishwe kwamba imefanya kazi.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Chukua kinyesi kibichi, kiasi cha ngumi, ukitie katika mfuko safi, ondoa hewa, kiweke mahali pa baridi na ukifikishe maabara ya mifugo siku hiyo. Mtaalamu huhesabu mayai kwa hadubini. Rudia baada ya siku 14 tangu dawa itolewe. Ikiwa mayai ya strongili hayajapungua karibu yote, dawa hiyo haifanyi kazi tena katika zizi lako, na kuinunua tena ni kutupa fedha. Kwa punda wazima, hesabu hii huonyesha pia kwamba wachache kati ya kundi ndio wanaotoa mayai mengi, na hao ndio wa kutibiwa zaidi.

Kazi kubwa zaidi dhidi ya minyoo, hata hivyo, haiko ndani ya chupa. Iko kwenye koleo. Kuokota kinyesi malishoni mara mbili kwa wiki hupunguza minyoo kwenye nyasi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu yai la strongili linahitaji siku kadhaa za joto na unyevu ili lianguliwe na kuwa mnyoo anayeweza kuambukiza. Ukikiondoa kabla ya hapo, umekata mnyororo. Wakati wa masika na vuli, mzunguko huo huenda haraka, ndipo bidii iongezwe. Wakati wa kiangazi kikali jua hutusaidia, maana minyoo wachanga kwenye nyasi hukauka na kufa. Kinyesi kilundikwe kiive na kupata joto kiwe mbolea, kisha kiende kwenye mahindi na mboga. Kisirudishwe malishoni kikiwa kibichi.

Mwanapunda asilishwe chini kwenye udongo wa banda. Awekewe hori au gunia safi lililoinuliwa. Kiwele cha mama kioshwe mara kwa mara. Na kama una ng'ombe au mbuzi, wazungushe malishoni baada ya punda: ng'ombe akila minyoo wa punda, karibu wote hufia tumboni mwake bila kumdhuru.

Nje ya minyoo kuna chakula, na hapa ndipo watoto wengi hupotea hata pale dawa imetolewa sawasawa. Maziwa ya mama hupungua nguvu baada ya miezi mitatu hivi. Kuanzia hapo mtoto anahitaji majani mazuri: nyasi laini, hei ya kijani isiyo na vumbi, na alfalfa kidogo kwa ajili ya protini na kalsiamu. Wengi huongeza pumba, na pumba kidogo si mbaya. Lakini pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mnyama anayekua akiishi kwa pumba, mwili huchota kalsiamu mifupani mwake, na mifupa ya uso huvimba huku miguu ikiuma. Mchanganyie alfalfa au chokaa ya mifugo, na jiwe la chumvi lenye madini liwe karibu daima, pamoja na maji safi.

Mahindi yenye ukungu yasimfikie. Kuvu wa mahindi hutoa sumu iitwayo fumonisini, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo vibaya zaidi: huharibu ubongo, mnyama huzunguka ovyo, haoni, na hufa kwa siku chache. Mahindi tusiyoweza kula sisi si zawadi kwa punda. Vivyo hivyo chakula cha kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe huweza kuwa na monensini, ambayo huua misuli ya moyo wa punda na farasi kwa kiasi kidogo sana.

Utajuaje kama anaendelea vizuri? Mara moja kila wiki mbili, mshike. Weka kiganja kwenye shingo, kwenye bega, kwenye mbavu, kwenye mgongo na kwenye kiuno. Mbavu zinafaa kuhisiwa kwa kubonyeza kidogo, zisionekane kwa mbali. Mgongo usiwe mkali kama kisu. Wataalamu wa punda hutoa alama kutoka 1, aliyekonda kabisa, hadi 5, aliyenenepa kupita kiasi, na mwanapunda mwenye afya awe karibu na 3. Tumbo lisihesabiwe. Andika alama, andika kipimo cha kifua, andika tarehe na dawa aliyopewa. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha miaka yake ya mwanzo. Na katika kumshika huko, mzoeshe kuinua miguu. Kwato zitazamwe kila wiki, na fundi wa kwato aziweke sawa kila wiki 6 hadi 8, maana kwato zikikua vibaya utotoni, miguu hupinda na haitanyooka tena.

Kisha mama yake. Tunasema punda afe, mzigo ufike, na maneno hayo tumeyatenda kwa miaka mingi mno. Punda jike aliyenyonyesha asubuhi, akavuta mkokoteni mchana kutwa huku mtoto akikimbia pembeni barabarani kwenye lami ya moto na magari, hawezi kutoa maziwa ya kutosha. Mpumzishe miezi mitatu ya mwisho ya mimba na miezi mitatu baada ya kuzaa. Ikiwa huna namna kabisa, mpe kazi fupi na nyepesi, mtoto abaki kivulini na mwenzake, na mama arudi kunyonyesha. Kumwachisha ziwa kufanyike akiwa na miezi 6, polepole, akiwa na punda mwingine anayemjua. Punda hushikana sana. Akitengwa ghafla huacha kula, na punda aliyeacha kula huweza kufa kwa mafuta kujaa damuni hata kama hana mnyoo hata mmoja.

Na huyo mtoto asibebeshwe mzigo. Mifupa yake haijakomaa kabla ya miaka mitatu, na kazi nzito isubiri miaka minne. Tandiko kwenye mgongo wa mwaka mmoja na nusu linachukua leo nguvu ambazo zingekutumikia miaka ishirini.

Wasikilizaji, hili linawezekana. Lamu, ambako punda ndiye gari la mitaa, kuna zahanati ya punda tangu mwaka 1987, iliyoanzishwa na shirika la hisani la Uingereza lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen, na kutoa dawa za minyoo ni miongoni mwa kazi zake tangu mwanzo. Lakini si kila mji una zahanati kama hiyo. Kwa hiyo nawaomba wahusika katika kaunti na halmashauri zetu: maabara za mifugo zipokee kinyesi cha punda kama zinavyopokea sampuli za ng'ombe. Vikundi vya wenye punda katika miji yetu vinaweza kupeleka sampuli kwa pamoja, vikanunua dawa sahihi kwa pamoja, na vikamwita daktari kwa siku moja kwa punda wote. Gharama hupungua, na dawa hutolewa kwa anayeihitaji.

Punda aliyetunzwa huishi miaka 25 na zaidi, na karibu yote hiyo hutufanyia kazi. Kati ya miaka hiyo ninamwombea mmoja tu, wa kwanza, ambao sisi ndio tumfanyie kazi yeye. Tukiutumia vizuri, iliyobaki atailipa mwenyewe.